Kijiwe Kisichotoka Kiatuni

Sura ya 7

"Hili tulikate, tulichome, au tuliache?"

Nimeulizwa swali hili sokoni, nimeulizwa kwenye basi la Mbinga, na mara moja nimeulizwa msibani na mzee aliyevua kiatu mbele ya waombolezaji bila haya yoyote. Mara ya mwisho ilikuwa Desemba, kwenye kibaraza cha duka la dawa Mfaranyaki, hapa Songea, mvua ikiwa imetufungia pale watu sita. Mama mmoja alikuwa na mwanawe wa kidato cha pili, karudi likizo kutoka shule ya bweni. Kijana alivua ndala, akaegemea ukuta, akageuza unyayo juu kama mtu anayeonyesha tairi lililotoboka. Chini ya kidole gumba, pale panapobeba uzito tunapokanyaga, palikuwa na duara la ukubwa wa punje ya hindi, gumu, lenye rangi ya majivu, limezungukwa na vidonda vidogo vya sindano. Mama alikuwa amelichokonoa siku tatu mfululizo.

"Shikamoo baba," alisema. "Si wewe unayeandika mambo ya afya? Hebu mtazame mjukuu wako. Funza gani huyu hana hata yai moja?"

Hakuwa funza. Lilikuwa sunzua, ambalo wengine huliita chunjua, na kwa bahati mbaya lilikuwa limeota mahali ambapo binadamu hawezi kupahurumia: anapatembelea.

Kilichoota pale ni nini?

Sunzua ni ngozi iliyozidi kukua kwa kuchochewa na kirusi. Kirusi ni kitu kidogo mno kisichoweza kuzaliana chenyewe. Ni lazima kiingie kwenye chembe hai ya mwili na kuitumikisha. Hiki cha masunzua huitwa kirusi cha papiloma, kwa kifupi HPV. Hupenya kwenye mchubuko ambao hata hukuuona, hasa ngozi ikiwa imelowa na kulainika. Fikiria miguu iliyoshinda ndani ya gambuti wakati wa palizi, au iliyosimama peku kwenye sakafu ya bafu ambamo wanafunzi arobaini wameoga asubuhi hiyo hiyo. Kinaweza kukaa wiki au miezi mingi kabla hujaona chochote, kwa hiyo usipoteze muda kumtafuta aliyekuambukiza. Ukimpata utakuwa umemsingizia.

Likiota mkononi, sunzua huchomoza nje na kuwa na uso wa kukwaruza kama koliflawa. Likiota unyayoni hulemewa na uzito wa mwili, likazama ndani kama msumari, ukabaki unaona kichwa chake tu. Ndiyo maana wengi husema wanahisi kijiwe kiatuni. Wanavua kiatu, wanakikung'uta, hakitoki kitu.

Mtaani tunasema lina mizizi. Halina. Linaishi kwenye tabaka la juu la ngozi. Halifiki kwenye nyama wala mfupa. Vile vidoto vyeusi unavyoviona katikati, ambavyo mama wa Mfaranyaki alividhani funza, ni vijishipa vya damu ambamo damu imeganda. Ukichokonoa utatoka damu tu, na kila tone ni nafasi ya kirusi kuhamia kwenye tundu jipya ulilotoboa wewe mwenyewe.

Jina HPV huwatisha kina mama, kwa sababu wamelisikia kwenye chanjo ya wasichana iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. "Binti yangu alichanjwa shuleni," aliniuliza mmoja, "sasa masunzua haya yametoka wapi?" Jibu ni kwamba HPV ni ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 100. Chanjo inalenga hasa aina ya 16 na 18, zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Masunzua ya miguu huletwa na ndugu wengine wa ukoo huo, kama aina ya 1, 2 na 4, ambao hawana habari na kizazi cha mtu. Sunzua la unyayoni si dalili ya saratani, na wala halihusiani na tabia ya mtu. Mtoto aliye nalo amekanyaga sakafu yenye maji, basi.

Sunzua, sugu au funza?

Kabla ya kuuliza kama tulitibu, tuhakikishe tunazungumzia kitu kimoja. Nimeona watu wakipaka dawa ya sunzua kwenye sugu mwezi mzima, na wengine wakitafuta funza ndani ya sunzua.

Sugu ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mshika jembe. Osha mguu, kausha, kaa penye mwanga na ufanye haya:

– Tazama mistari ya ngozi, ile inayofanana na ya alama za vidole. Kwenye sugu mistari hupita juu yake bila kukatika. Kwenye sunzua hukatika au kulizunguka, kama njia ya miguu inavyozunguka kichuguu.
– Bonyeza kwa kidole kutoka juu, kisha libane kutoka pembeni kwa vidole viwili. Sugu huuma zaidi ukibonyeza. Sunzua huuma zaidi ukilibana.
– Tafuta vidoto vyeusi, vingi, vilivyotawanyika kama pilipili manga iliyomwagika. Sugu haina.

Funza ana doa jeusi moja tu, katikati ya duara jeupe, na hupenda pembeni ya kucha, kati ya vidole na kwenye kisigino. Huwasha sana na hukua kwa siku, si kwa miezi. Huyu funza, kwa taarifa yako, ni mgeni kweli. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimteremsha Ambriz, pwani ya Angola, na hakuhitaji zaidi ya miaka 30 kulivuka bara zima hadi Bahari ya Hindi, akisafiri kwenye miguu ya wapagazi, wafanyabiashara na askari. Bibi zetu walijifunza kumtoa kwa mwiba kwa ustadi ambao hospitali nyingi hazina. Tatizo ni kwamba ustadi huo umetufanya tuone funza kila penye doa jeusi.

Kwa ufupi: mistari imekatika, ukilibana pembeni linauma, vidoto ni vingi na limekaa miezi, hilo ni sunzua.

Mbona la jirani liliondoka kwa utomvu wa mpapai?

Hapa ndipo ubishi huwa mkali, na nakiri ndipo ninapopapenda.

Kila mtu Songea anamjua mtu aliyepona kwa kitu fulani. Mmoja alipaka utomvu wa mpapai. Mwingine alisugua kitunguu saumu. Wa tatu alifunga uzi, akauzika chini ya mgomba, na mgomba ulipooza sunzua likadondoka. Wote wanasema kweli, maana masunzua yao yaliondoka kweli. Lakini kuna mtu wa nne ambaye hakuna anayemsimulia. Huyu hakupaka chochote, na lake pia liliondoka.

Kirusi cha sunzua kina ujanja wa kukaa kwenye tabaka la juu la ngozi ambako hakuna damu. Askari wa mwili, yaani kinga yetu, hupita kwa chini wasijue kama ghorofani kuna mwizi. Siku wakigundua, humaliza kazi haraka. Sunzua lililokaa mwaka mzima hukauka ndani ya wiki chache, na mara nyingine mtu mwenye manane huyapoteza yote kwa pamoja. Kwa watoto, takriban mawili kati ya matatu huondoka yenyewe ndani ya miaka 2. Kwa watu wazima huchukua muda mrefu zaidi.

Sasa fikiria mtu anavyojitibu. Anajaribu hiki, anaacha. Anajaribu kile, anaacha. Siku askari wanapoamka, dawa yoyote iliyokuwa mkononi wiki ile inavikwa nishani. Nina hakika waganga kadhaa wamejenga nyumba za bati kwa heshima waliyochumiwa na kinga za wateja wao.

Sidharau miti shamba. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya, kitu kinachosaga protini, ndiyo maana hulainisha nyama ngumu jikoni. Lakini kulainisha ngozi ni jambo moja na kuondoa kirusi ni jingine. Na utomvu wa mnyaa, ambao nao hupakwa, ukiingia jichoni unaweza kukujeruhi vibaya kuliko masunzua kumi.

Kuacha si kutelekeza

Msimamo wangu, ambao umenigombanisha na rafiki zangu wawili matabibu, ni huu: sunzua lisilouma, kwa mtu mwenye afya, liachwe. Uingereza, nchi yenye dawa zote dukani, huduma ya afya ya umma huwaambia watu maneno hayo hayo: litaondoka, linaweza kuchukua miaka, tibu likikuuma.

Ila kuna kuacha na kutelekeza. Anayeacha analitazama kila mwezi, mathalani siku ya kwanza ya mwezi baada ya kuoga. Analipima kwa macho: liko vile vile, limeongezeka, limebadilika rangi? Analifunika kwa plasta akienda kuoga kwenye bafu la wengi. Haazimishi ndala wala jiwe lake la kusugulia magaga. Yule anayetelekeza anasubiri achechemee.

Na kuna wasioweza kuacha. Mwanamke anayeteremka kutoka Matogoro na mzigo wa kuni kichwani hawezi kuambiwa asubiri miaka 2. Kila hatua ni kilo zake pamoja na za kuni, juu ya kijiwe. Ataanza kukanyagia ukingo wa nje wa mguu ili kulikwepa, na baada ya mwezi atalalamikia goti na kiuno, wala hatakumbuka kwamba chanzo ni unyayo. Mchezaji mpira, mlinzi anayesimama usiku kucha, muuza maji wa baiskeli: hawa watibu. Na yule ambaye masunzua yake yanaongezeka badala ya kupungua, naye atibu.

Ukiamua kutibu

Mwaka 2003 mkoa wetu wa Ruvuma ulikuwa wa kwanza nchini kujaribu maduka ya dawa muhimu, yale yaliyochukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, yakiwa na watoa dawa waliofundishwa kazi. Tunayaona ya kawaida sasa, lakini yalianzia huku kabla ya kwenda mikoa mingine. Hapo ndipo pa kuanzia kuuliza, na swali liwe mahususi: "Mna dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki ya masunzua?" Hii ni ndugu ya aspirini, na kazi yake ni kumenya ngozi ngumu tabaka kwa tabaka.

Usipouliza hivyo unaweza kupewa Whitfield, yale mafuta ya fungasi. Nayo yana asidi ya salisiliki, lakini asilimia 3 tu. Inatosha kwa fungasi, ila kwa sunzua la unyayoni ni kama kupiga tofali kwa kiganja. Ya masunzua huanzia kama asilimia 15 na kupanda. Kama duka la mtaani halina, watakuelekeza famasi kubwa za mjini.

Matumizi yake yanataka subira ya mfuma mkeka. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10. Sugua juu ya sunzua taratibu kwa tupa ya kucha au jiwe ambalo halitagusa mahali pengine wala mtu mwingine. Paka mafuta ya mgando kuzunguka, kulinda ngozi nzima. Dondosha dawa katikati, iache ikauke, funika kwa plasta. Kesho tena. Na kesho kutwa. Wiki 12 si nyingi. Pakiwa pekundu na kuuma, pumzika siku kadhaa kisha endelea. Wengi hushindwa wiki ya tatu, si kwa sababu dawa ni mbaya bali kwa sababu wamechoka kubeba beseni.

Njia nyingine ni kuligandisha kwa nitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ile ile ambayo wataalamu wa mifugo huhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Si kila hospitali inayo. Watu hudhani kwa kuwa ni ya kitaalamu basi inashinda ya dukani. Watafiti wa Uingereza na Ireland waliwagawa watu 240 wenye masunzua ya nyayo: nusu wakagandishwa na wataalamu, nusu wakajipaka nyumbani asidi kali ya salisiliki. Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Baada ya wiki 12 waliokuwa wamepona kabisa walikuwa kama 14 kwa kila 100, kundi hili na lile. Kumi na wanne tu! Na walikuwa sare. Tangu niyasome matokeo hayo simshauri mtu wa Songea apande basi kwenda kutafuta baridi hiyo mji wa mbali kabla hajamaliza wiki zake 12 nyumbani.

Kuchoma kwa umeme baada ya sindano ya ganzi kupo pia. Unyayoni mimi nakuogopa. Kovu linaweza kubaki na kuuma kila hatua, na hapo umebadilisha kijiwe kinachoondoka kwa kijiwe cha maisha.

Yaliyonipata mimi, na mafuta ya korosho

Nilikuwa na miaka 16, bweni, na sunzua kisiginoni. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alikuwa na wembe mpya na moyo mkunjufu. Tuliloweka mguu kwenye ndoo, akakata. Damu ilivyotoka tuliikausha kwa kurasa za daftari la Jiografia. Nilichechemea wiki mbili, nikakosa mechi ya nusu fainali, na kilichonikera zaidi ni kwamba baada ya miezi michache yakaota manne kuzunguka kovu, yamejipanga kama watoto wanaoota moto. Tulikuwa tumeyapanda wenyewe. Yaliondoka nikiwa kidato cha nne, sijapaka kitu. Niligundua siku nikiwa nakata kucha, wala sijui yaliondoka lini.

Wembe ni kosa la kila mahali. Kusini tuna letu pia: mafuta ya ganda la korosho kutoka Tunduru. Anayebangua korosho kwa mkono anayajua, kwani yakigusa ngozi yanaunguza na kuibambua. Ni kweli yanaunguza sunzua. Yanaunguza pia ngozi nzima iliyo jirani, na hayajui pa kuishia. Maji ya betri ni hivyo hivyo, ila mabaya zaidi. Kidonda cha unyayoni hakipati mapumziko, na udongo wetu mwekundu hukiingia hata ukivaa soksi.

Yasiyosubiri

Nimesema liachwe kwa mtu mwenye afya. Wapo ambao hawapaswi kuacha wala kujitibu, na nawaomba wasome kipande hiki mara mbili.

Mwenye kisukari asiguse unyayo wake kwa asidi, tupa wala wembe. Mishipa ya fahamu ya miguu yake inaweza kuwa imelala. Atajiunguza asijue, na kidonda hicho ndicho huishia kwenye kukatwa mguu. Aende akaonyeshe.

Mwenye ganzi sehemu ya mguu, au mabaka ya ngozi yasiyohisi mguso, apimwe ukoma. Bado upo Tanzania, dawa zake ni bure, na ukiwahiwa hauachi ulemavu.

Mtu mzima aliyeotwa na masunzua mengi kwa ghafla, yasiyosikia dawa, afikirie kupima VVU. Kinga ikishuka, mwizi wa ghorofani huleta ukoo wake.

Na doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, au kidonda kinachovuja kisichopona, kwenye unyayo au chini ya ukucha, lisiitwe sunzua na mtu yeyote asiye tabibu. Bob Marley alidhani kidole chake cha mguu kiliumia mpirani. Mwaka 1977 ikagundulika ni saratani ya ngozi, ya aina ambayo kwetu watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Kwa haya, nenda hospitali ya mkoa, au Peramiho kama uko upande huo, ukaulizie tabibu wa ngozi. Tangu mwaka 1992 kipo chuo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinachowafundisha matabibu kutoka mikoani, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ngozi haina wataalamu.

Ndala pea mbili

Mvua ya Mfaranyaki ilipopungua tulikuwa tumeshakubaliana. La kijana lilikuwa linamuuma akikimbia, kwa hiyo litatibiwa. Sindano ikapigwa marufuku. Vidonda vya sindano vipone kwanza, wiki moja ya maji ya chumvi na plasta, ndipo dawa ianze. Mtoa dawa alimwandikia kijana mwenyewe matumizi kwenye bahasha, si mama, kwa kuwa mama hatakuwepo bwenini.

Kilichobaki kilikuwa ndala za kuogea. Kijana alisema hana, zilishaibiwa pea tatu tangu Januari. Bwenini kwao ndala ni mali ya anayewahi kuamka. Ndipo mama akavuka barabara hadi kibanda cha viatu, akabishana bei, akarudi na pea mbili za ukubwa mmoja, moja ya bluu na moja ya kijani. Alizichanganya pale pale kibarazani. Hii bluu na kijani utaogea, alimwambia, na hii kijani na bluu utaacha kwa mdogo wako nyumbani. Tuone sasa nani atajitokeza bwenini amevaa hizo aseme ni zake.